Nilivyomuuza Spear kwa bei ya njugu

Akiba haiozi, walisema wahenga. Nadhani wahenga hao hawakuweka akiba ya karatasi, tena hawakuishi katika chumba chenye mabati yanayovuja kule Makina, Kibera. Karatasi huoza. Isipooza huliwa na mchwa, na ikinusurika mchwa hufungiwa sukari, huwashiwa jiko au hupelekwa msalani. Nayajua hayo vyema kwa sababu kwa zaidi ya miaka 20 sasa, kila nipatapo nafasi baada ya kazi ya kutafuta riziki, nimekuwa nikizunguka kutafuta karatasi zilizoepuka mikasa hiyo.

Chini ya kitanda changu pana sanduku la bati, kama lile la wanafunzi wa shule za bweni. Ndani yake mna vitabu na majarida 71 ya hadithi za picha. Vingine vimepasuka, vingine havina jalada, na kimoja kina alama ya kikombe cha chai iliyomwagika kabla watoto wangu hawajazaliwa. Watoto wenyewe hucheka. "Mama na vikatuni vyake," husema. Mume wangu, ambaye ni mtu mpole, aliwahi kuniuliza kwa adabu kama nilikuwa na habari kwamba pesa nilizolipia jarida moja kuukuu zingetosha kununua kilo mbili za nyama. Nilimwambia habari ninayo.

Leo nataka kueleza jinsi mkusanyo huo ulivyoanza. Watu hudhani ulianza kwa mapenzi ya vitabu. Mapenzi yalikuwapo, sikatai, lakini kilichonitoa nyumbani siku za Jumamosi nikapekue magunia ya watu ni deni. Nilikuwa nimeuza mali isiyokuwa yangu.

Kusoma ukutani

Nilizaliwa mwaka wa 1973, mtoto wa mwisho. Tulikuwa wapangaji katika nyumba ya mzee mmoja Mnubi, kuta za udongo na paa la mabati. Ili vumbi la udongo lisituangukie vitandani, mama alibandika magazeti ukutani kwa uji wa unga. Kila mwaka, Krismasi ikikaribia, alibandika mengine juu yake. Waliokulia Kibera wakati huo watakubaliana nami kwamba ukuta ndio uliokuwa maktaba yetu ya kwanza. Nilijifunza herufi nikiwa nimelala ubavu, nikitazama habari za mwaka juzi, baadhi yake zimebandikwa kichwa chini miguu juu.

Katika kuta hizo nilimpenda mtu mmoja tu: Juha Kalulu, yule wa michoro ya Edward Gitau katika Taifa Leo. Baba alikuwa akilileta gazeti nyumbani siku alizokuwa na senti za ziada, na ingawa alijifanya mtu wa siasa na bei za mahindi, tulimwona akienda moja kwa moja kwa Juha. Alicheka peke yake, kisha akakunja uso na kurudi kwenye habari za maana. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba hata wazee husoma katuni, ila hawapendi kuonekana.

Mwenye vitabu hasa nyumbani kwetu alikuwa kaka yangu, aliyenitangulia kwa miaka 13. Tangu akiwa kijana mdogo alikwenda katika uwanja wa gofu ulio karibu na Kibera kuwabebea wachezaji mikoba ya vyuma vyao. Sehemu ya pesa alimpa mama. Sehemu nyingine, ndogo sana, ilikwenda kwa Spear.

Kwa faida ya vijana, Spear ni Lance Spearman, mpelelezi wa jarida lililoitwa African Film, ambalo kampuni ya Drum ilianza kulitoa mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuwa wa kuchorwa. Alikuwa mtu halisi, Mwafrika, aliyepigwa picha akiigiza, picha baada ya picha, na maneno yakachapishwa juu yake. Alivaa kofia ya Panama na tai ya kipepeo, akaendesha gari aina ya Corvette Stingray, na hakuna jambazi aliyemshinda. Alikuwa na msaidizi wake Sonia, kijana mmoja mwerevu aitwaye Lemmy, na rafiki yake katika polisi, Kapteni Victor. Jarida hilo lilisomwa kutoka Lagos hadi Nairobi. Katika filamu nyingi za siku hizo Mwafrika alikuwa mpagazi wa kubeba mizigo ya mzungu msituni. Kaka yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba mikoba ya wengine kwenye nyasi, alifungua jarida akamwona mtu mweusi akiendesha gari lake mwenyewe kwa kasi. Sishangai kwamba alilipa.

African Film iliacha kutolewa katika miaka ya 1970, lakini matoleo yake yaliendelea kuzunguka mitaani kwa miaka mingi, yakiuzwa, yakiazimwa na kubadilishwa. Kaka alifikisha 28. Usiku, koroboi ikiwa imewekwa juu ya mkebe wa Kimbo, alinisomea. Jarida lilikuwa la Kiingereza, nami sikukijua, hivyo alinitafsiria kwa Kiswahili. Nilijua mambo mengi kumhusu Spear. Nilijua kwamba baada ya kumkamata adui, Spear huketi, huvua kofia na kunywa chai ya rangi.

Mama hakupinga, mradi mafuta ya taa yasiishe. Waliopinga walikuwa walimu. Mmoja wao alikuwa na desturi ya kupekua mifuko yetu na kuyachana majarida hayo mbele ya darasa, akisema ni takataka inayoharibu akili. Jambo la kuchekesha ni kwamba nilipofika darasa la tatu, mwalimu huyo huyo alimwuliza mama ni nani aliyenifunza kusoma.

Njia ya Kawangware

Jumamosi nilitumwa kwa shangazi, Kawangware. Nauli ya matatu ilikuwa haipo, au ilikuwapo nikaiweka mfukoni. Nilitoka Makina nikapanda hadi barabara ya Ngong, nikaifuata hadi Dagoretti Corner, kisha nikashika barabara ya Naivasha kuelekea Riruta hadi Kawangware. Ilikuwa zaidi ya saa nzima kwa miguu ya mtoto. Shangazi alikaanga njugu na kuziuza karibu na kituo cha matatu za 46. Kazi yangu ilikuwa kusokota karatasi mfano wa pembe, kuzijaza njugu kwa kipimo cha kifuniko cha chupa, na kukunja juu.

Mwenye kufunga njugu husoma sana. Karatasi alizoletewa shangazi zilitoka kila mahali: magazeti, madaftari ya wanafunzi, barua za ofisi, na mara chache, ukurasa wa hadithi ya picha. Ukurasa wa aina hiyo niliuweka kando hadi mwisho. Shangazi aliligundua hilo akanikaripia, "Mwanangu, mteja anangoja njugu, wewe unangoja nini?" Nilikuwa nangoja kujua kama yule askari alitoka shimoni. Sikupata kujua hata leo, kwa kuwa ukurasa uliofuata ulikuwa umekwenda na mteja mwingine.

Hatua chache kutoka kwa shangazi palikuwa na mzee aliyetandika gunia chini na kupanga juu yake vitabu vikuukuu. Alikuwa na vile vidogo vya vita viitwavyo Commando, vinavyochapishwa Scotland tangu mwaka wa 1961, ambamo Wajerumani hupiga kelele na Waingereza hushinda. Alikuwa na Beano zilizochakaa, na Joe, lile jarida la vichekesho ambalo Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walilianzisha hapa Nairobi mwaka wa 1973. Masharti yake yalikuwa rahisi: ukileta kitabu ukaongeza thumuni, unachukua kingine. Ukija mikono mitupu unalipa bei kamili. Ukisimama ukasoma bila kununua, alikohoa. Akikohoa mara ya tatu unaondoka.

Nilizoea kikohozi hicho. Nilisoma vitabu vingi kati ya kikohozi cha kwanza na cha tatu.

Mwaka wa njaa

Kaka alipata kazi katika bandari ya Mombasa. Usiku wa kuamkia safari yake aliyafunga majarida yake yote 28 kwa kamba ya katani, akayatia ndani ya mfuko wa unga na kuyaweka juu ya kabati, mbali na mchwa. Aliniambia, "Mdogo wangu, nitunzie. Soma utakavyo, lakini yasitoke humu ndani." Niliahidi.

Mwaka wa 1984 mvua ilikosekana. Wanaoukumbuka mwaka huo hawahitaji kuelezwa. Tulipanga foleni madukani kwa ajili ya unga, na unga wenyewe ulipokuja ulikuwa wa mahindi ya manjano kutoka nje, ugali ukawa na rangi ya yai. Mama alipunguza mlo wa mchana, na baba akaacha kununua gazeti. Nami nilikuwa na miaka 11.

Mwaka huo nikakiona kitabu kipya juu ya lile gunia la Kawangware. Kilikuwa katika mfululizo wa Pichadithi, alioubuni Terry Hirst kwa kuchukua ngano za jamii zetu na kuzitia katika picha. Hiki kilikuwa hadithi ya Lwanda Magere, yule shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, na nguvu zake zikawa katika kivuli chake. Nyanya alikuwa amenisimulia habari zake. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu ambaye nyanya anamjua angeweza kuwa ndani ya kitabu chenye picha, akiwa amesimama kama Spear. Nilikoholewa mara tatu nikiwa bado ukurasa wa nne.

Mzee alitaka shilingi 5. Angeweza kutaka 500, kwangu ilikuwa sawa.

Ningependa kusema kwamba nilipigana na dhamiri yangu kwa muda mrefu. Ukweli ni kwamba nilipigana nayo kuanzia Kawangware hadi Dagoretti Corner. Jumamosi iliyofuata nilipanda juu ya kiti, nikauteremsha ule mfuko, nikaubeba kichwani hadi kwa shangazi. Nilimwambia kaka ameniruhusu kuviuza kwa vile ni vya zamani. Shangazi hakujua kusoma. Aliyapima majarida kwa mkono kama apimavyo kuku, akasema karatasi yake ni ngumu na nzuri, na akanipa shilingi 6.

Msomaji, huenda unangoja niseme nilinunua unga. Nyumbani kulikuwa na nusu kilo, na mama alikuwa amekwisha kuikopea. Lakini nilinunua Lwanda Magere. Shilingi iliyobaki nilimpa mama, nikasema ni zawadi ya shangazi. Mama akamwombea shangazi baraka, na maombi hayo nayakumbuka kuliko viboko vyote nilivyowahi kupigwa.

Alasiri hiyo, kabla sijaondoka Kawangware, shangazi aliniambia nisokote karatasi kama kawaida. Nilimsokota Spear. Nilisokota Corvette, nikamsokota Sonia, nikamjaza njugu Kapteni Victor, na wateja wakawachukua wote mmoja mmoja, wakawatafunia njugu ndani ya matatu na kuwatupa dirishani.

Desemba kaka alirudi likizo. Siku ya pili alitazama juu ya kabati, kisha akanitazama mimi. "Mzigo wangu?" Nilimjibu kwamba mchwa waliula. Alikaa kimya kwa muda. Akasema, "Mchwa ni wabaya," akatoka nje kunawa uso. Hakuniuliza tena, siku ile wala miaka iliyofuata.

Kuvitafuta upya

Nilisoma, nikapata kazi, nikaolewa, nikahama Kibera. Nilidhani mambo yamekwisha. Kisha Jumamosi moja mwaka wa 2001 nilikuwa katika soko la Toi, mpakani mwa Kibera, nikitafuta sare za mitumba za watoto. Muuzaji mmoja wa vitabu vikuukuu alikuwa amepanga bidhaa zake kando ya viatu. Chini ya vitabu vya hesabu niliona kofia ya Panama.

Sikujadiliana bei, jambo ambalo ni aibu kubwa katika soko la Toi. Nililipa, nikaingia katika kibanda cha chai na kufungua ukurasa wa kwanza. Sasa nilikijua Kiingereza, na ndipo nilipogundua mambo mawili. La kwanza, hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoikumbuka. La pili, Spear hakuwa akinywa chai ya rangi. Ilikuwa wiski, tena si kidogo, pamoja na sigara nene. Kaka yangu, kijana wa miaka 18 au 19 aliyekuwa akitafsiri kwa mwanga wa koroboi, alikuwa ameniondolea pombe yote na kuniwekea chai.

Niliketi pale hadi chai yangu ikapoa. Tangu siku hiyo nilianza kutafuta.

Muuzaji yule akawa mshirika wangu. Aliniita "Mama Spear", akaniwekea kando chochote chenye picha. Kwake nilipata Commando zangu nyingi na Pichadithi zangu za kwanza. Jamaa waliosafiri Dar es Salaam waliniletea matoleo ya Sani, lile jarida la akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, na nikacheka hadi majirani wakagonga ukuta. Mapema mwaka wa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, soko la Toi liliteketea. Nilipokwenda kumjulia hali yule muuzaji, nilimkuta amesimama mahali pa kibanda chake. Watu walikuwa wamepoteza zaidi ya vitabu, wengine walikuwa wamepoteza wapendwa wao, na hakutaka kuzungumzia karatasi. Baadaye alirudi kuuza, akiwa na sanduku moja tu.

Ndipo nilipoelewa kwa nini vitu hivi ni adimu. Huko Marekani kuna kitabu kimoja, Action Comics nambari 1 cha mwaka wa 1938, kilichomtambulisha Superman. Kilikuwa kikiuzwa senti 10. Mwaka wa 2014 nakala moja ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 3. Thamani hiyo imetokana na akina mama. Wao walivitupa vitabu vya watoto wao, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia watoto wenyewe walivikusanya vikapondwe vitengenezwe karatasi nyingine. Vingekuwa vimebaki vyote, bei isingefika huko. Sisi tulifanya vivyo hivyo, kwa njugu. Tofauti ni kwamba wenzetu walianza kuvitafuta mapema, wakati vingine vingali darini. Nyumba zetu za Kibera hazikuwa na dari.

Sitazamii mamilioni. Mtu yeyote aliyepata kunipigia bei mkusanyo wangu alikuwa na mizani mkononi. Lakini kama unavyo vichache nyumbani na unataka vidumu, pokea ushauri wa aliyekwisha kuharibu vingi. Usiviweke sakafuni, hata ndani ya sanduku. Weka matofali chini yake hewa ipite. Usivianike juani ukidhani unavikausha, kwa maana jua hula rangi. Pini zikishika kutu zitoe taratibu kabla hazijatoboa karatasi. Na usishone mpasuko kwa selotepu: baada ya miaka michache itageuka manjano na kuacha doa lisilotoka. Nimemharibu Juha Kalulu kwa namna hiyo, nami najuta.

Mwaka wa 2010 mwanangu alikuja nyumbani na jarida jipya la picha, Shujaaz, lililoandikwa kwa Sheng na kutolewa bure, ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Ndani yake mlikuwa na kijana aitwaye Boyie aliyejitengenezea kituo cha redio na kujiita DJ B. Mwaka wa 2012 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Mwanangu alilisoma akalitupa juu ya kochi. Nililiokota, nikapiga pasi mikunjo yake, nikalitia sandukuni. Aliniuliza, "Mama, hiyo ni ya bure, ya nini kuificha?" Nilimwambia kwamba cha bure ndicho hupotea kwanza. Nina matoleo 9 sasa, na tayari kuna vijana waliokuja kuyaomba wayatazame.

Kaka na sanduku

Kaka yangu alistaafu akarudi kutoka Pwani. Desemba ya 2021 alikuja kwangu kutembea, akiwa na miwani na magoti yanayouma. Baada ya chakula nililivuta lile sanduku kutoka chini ya kitanda, nikaliweka mbele yake na kulifungua. Juu kabisa nilikuwa nimepanga Spear, nakala 11. Kisha nikamwambia habari ya mchwa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akavua miwani akaifuta kwa shati.

"Nilijua," akasema.

Nilimwuliza tangu lini.

"Tangu Desemba ile ile. Kabla hata sijafika nyumbani nilipitia kwa shangazi kumsalimu. Akanipa njugu. Nikafungua, nikamkuta Sonia."

Nilitaka kucheka, yeye hakucheka. Aliniambia kwamba alikasirika sana, kuliko nilivyodhani. Majarida 27 yalikuwa yake, lakini la 28 lilikuwa la mwenzake wa pale uwanja wa gofu, aliyemwazima tu. Mwenzake huyo hakukubali habari ya njugu. Kaka alimlipa kutoka kwa mshahara wa Mombasa, mwezi ambao alikuwa amepanga kumtumia mama pesa za unga. "Sikukwambia kwa sababu ungelia," alisema, "na mama angeuliza unalilia nini."

Basi mwaka ule wa njaa, kitabu changu kilikula unga wa nyumbani mara mbili. Nimekuwa mtu mzima kwa miaka mingi, lakini usiku huo sikupata usingizi.

Asubuhi nilimkuta sebuleni amelifungua sanduku tena, anayapitia majarida moja moja na kutazama majalada. Nilimwuliza anatafuta nini. Alisema lile la mwenzake lilikuwa na alama: mwenyewe aliandika jina lake juu ya jalada kwa wino mwekundu, na pembe ya chini ilikuwa imeliwa na panya. Halikuwamo. Alisema si kitu, alitaka kuona tu.

Mtoto wangu wa mwisho alikuja akaketi karibu naye, akauliza yule mtu mwenye kofia ni nani. Kaka alivaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kumsomea kwa Kiswahili, sauti ikiwa ile ile, ila nzito zaidi. Mimi nilikuwa jikoni nawasikiliza. Adui alikamatwa. Spear aliketi, akavua kofia. Nikaacha kuosha vyombo nisikie.

"Akaagiza chai ya rangi," kaka akasema.

Najua kwamba kurasa nyingi za yale majarida 28 ziliishia barabarani Kawangware. Lakini shangazi hakumaliza karatasi zote. Zilizobaki aliwauzia wenzake, na karatasi za Nairobi husafiri. Basi wewe msomaji, kabla ya kuwasha jiko au kumpa mtu wa kununua magazeti kwa kilo, pekua kwanza. Ukiona mtu mwenye kofia ya Panama, na jina limeandikwa juu yake kwa wino mwekundu, na pembe imeliwa na panya, tafadhali liweke mahali pakavu. Kuna wazee wawili wanaolitafuta.